Kidole Gumba cha Mama

Picha yenyewe si kubwa. Mdogo wangu aliibeba kutoka Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, hadi Bwera akiwa ndani ya teksi, ameifunga kwa gazeti na kamba ya katani, ameiweka mapajani njia nzima, mbugani Queen Elizabeth, Kikorongo, hadi barabara ilipoelekea mpaka wa Kongo. Aliichora kwa rangi za akriliki juu ya kipande cha plaiwudi alichopewa na fundi seremala. Alipofika alikata kamba, akaiegemeza ukutani, akakaa kando bila kusema neno.

Ndani yake yumo mama yetu. Amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, lile jiko la nje lenye kuta zilizoiva kwa moshi. Miguuni pake pana karai la maji, kushoto kwake rundo la mihogo yenye udongo, mkononi kisu. Amejifunga kitenge cha nyumbani, kilichofuliwa hadi maua yake yakapoteza jina. Kichwa ki wazi, na mvi zimeanzia pale zilipoanzia kweli, juu ya sikio la kushoto.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mwanawe, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hukuniona siku nyingine ila hii?" Na baada ya kimya kingine: "Ungeniambia, nikavaa."

Tulimhakikishia kwamba ni picha nzuri, kwamba inafanana naye, kwamba watu mjini wameisifu. Maneno yetu hayakumfikia. Nilirudi Kasese nikiwa nimebeba swali lake, na tangu siku hiyo sijaacha kuliwaza. Kila nikilifungua nalikuta limebeba swali jingine: mtu wa karibu anapochorwa akiwa katika shughuli za nyumbani, hajajitayarisha wala hajajipamba, tunamdai nini, naye anatudai nini?

Wepesi wa kwanza ni kusema kwamba mama hakuielewa sanaa. Naukataa wepesi huo. Mama alisema jambo ambalo kuta za nyumba zetu zimekuwa zikilisema miaka yote. Ingia sebuleni mwa nyumba yoyote, iwe Bwera, Mpondwe au Kilembe, utazame kilichotundikwa. Utamkuta kijana wa mahafali na joho lake. Utawakuta bwana na bibi harusi. Utaikuta kalenda. Utamkuta marehemu, ambaye mara nyingi picha yake imekuzwa kutoka ile ndogo ya kitambulisho, kwa kuwa siku ya msiba haikupatikana nyingine. Wote hao wamejipanga mbele ya jicho. Wamenyoosha shingo, wamefunga vifungo, wamengoja waambiwe wakati umefika. Huwezi kumkuta hata mmoja anayemenya muhogo.

Utamaduni huu una sababu. Mtu ambaye wazazi wake walihesabiwa kama mikono ya kazi tu hawezi kufurahi anapoonyeshwa mikono ya kazi. Watu wa milima hii ya Rwenzori wanayajua hayo. Mwaka 1962 wawakilishi wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la ufalme wa Toro uliokuwa ukiwatawala, na harakati zao, zilizoitwa Rwenzururu, zikachukua njia yake kwa miaka mingi ya mapambano. Madai yalikuwa ya wilaya, ya shule, ya lugha. Chini ya yote hayo palikuwa na uchungu wa watu walioonwa miaka mingi kama watu wa mlimani tu. Kizazi cha mama kililelewa ndani ya uchungu huo. Kwao vazi safi la gomesi la Jumapili na viatu vilivyopakwa rangi ni hoja. Picha ya studio ni hoja iliyowekwa ndani ya fremu: mimi ni mtu kamili, nitazame.

Basi mwana anapokuja na picha ya kitenge kilichopauka, mama ana haki ya kuuliza kama hoja yake ya miaka sitini imefutwa na mtu aliyemzaa mwenyewe.

Nilipokuwa nikiwaza haya, lugha yenyewe ilinishika mkono. Kiswahili kina neno *kuona*, na neno hilo limezaa watoto wasiofanana. *Kuonya* ni kumfanya mtu aone hatari. *Maoni* ni kile alichokiona mtu akakisema. *Kuonyesha* ni kumpa mwingine nafasi ya kuona. Halafu yuko *kuonea*. Ukimwonea mtu huruma, umemtazama vizuri. Ukimwonea fahari, umemtazama vizuri zaidi. Lakini ukiliacha neno hilo peke yake, bila huruma wala fahari wala haya nyuma yake, maana yake inageuka: *kumwonea* mtu ni kumdhulumu. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Ni wazungumzaji wa vizazi vingi waliofikia, bila kukusudia, kwenye jambo zito: jicho linalomwelekea mtu bila kubeba kitu chochote kwa ajili yake limekwisha kumfanyia ubaya.

Mwisho wa ukoo huo yuko *kuonana*. Tukisema tumeonana, tumesema tumekutana. Mtu hawezi kuonana peke yake. Lazima wawe wawili, na kila mmoja awe na macho.

Swali la mama naliona sasa kwa nuru hiyo. Hakuwa akiuliza kama picha ni nzuri. Aliuliza: ulipokaa pale ukinichora, ulikuwa ukiniona, au ulikuwa ukinionea?

Historia ya uchoraji imejaa mifano ya jambo hilo. Mwaka 1871, mjini London, mchoraji Mmarekani James McNeill Whistler alimchora mama yake, Anna, akiwa amekaa kitini, ubavu wake ukielekea kwetu, gauni jeusi mwilini, kitambaa cheupe kichwani, mikono imetulia mapajani. Picha hiyo leo iko katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris. Whistler hakuipa jina la mama yake. Aliiita mpangilio wa kijivu na cheusi, namba moja. Alisisitiza kwamba kilichomhusu ni namna rangi zinavyokaa pamoja, na kwamba utambulisho wa aliyekaa kitini haukuwa na umuhimu kwa mtazamaji. Watu wakamkatalia. Wakaiita mama yake Whistler, na kwa jina hilo imezunguka dunia. Naamini watu wa kawaida waliona kile ambacho mwana hakutaka kukikiri: kwamba mwanamke aliyekaa saa nyingi mbele ya mwanawe hawezi kugeuzwa kijivu kilicho kando ya cheusi.

Karibu na kwetu zaidi yuko Sam Ntiro, mtoto wa Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akafundisha hapohapo. Trowell alikuwa na njia yake. Badala ya kumweka mtu mbele ya wanafunzi wamnakili, aliwasimulia jambo kwa maneno, nao wakachora kile walichokiona ndani ya vichwa vyao. Ntiro alibaki na moyo wa njia hiyo maisha yake yote. Alichora watu wa kijijini wakilima, wakivuna, wakibeba. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Namheshimu sana Ntiro. Alisema kwa rangi kwamba kazi ya mwanakijiji inastahili ukuta. Lakini watu wake mara nyingi ni kundi. Unaujua mwendo wao na mzigo wao, ila huwezi kumwita mmoja kwa jina akageuka.

Hapo katikati ya Whistler na Ntiro ndipo picha ya mama inapotafuta mahali pa kukaa. Haitaki awe rangi. Haitaki awe kielelezo cha wanawake wa Bukonzo wenye bidii. Inamtaka yeye. Na huyo ndiye mgumu kuliko wote kumpata, kwa sababu ambayo mlima wetu unaifundisha vizuri kuliko kitabu.

Ukikaa Kasese, Rwenzori iko nyuma yako kila siku, na kila siku huioni. Mara nyingi imejifunika mawingu. Lakini hata asubuhi zile chache inapojifunua, watu huendelea kufungua maduka yao. Mwaka 1906 alikuja Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, na mpigapicha wake Vittorio Sella. Walipanda hadi kilele, mita 5,109, wakakipa jina la Malkia Margherita, mama wa mfalme wao. Sella alipiga picha za barafu ile kwa uangalifu ambao hadi leo unashangaza: kila ufa, kila ukingo. Wakati ule barafu ya Rwenzori ilikuwa zaidi ya kilomita 6 za mraba. Leo haifiki hata moja. Tunajua hivyo kwa sehemu kubwa kwa kuwa mgeni mmoja aliketi akaitazama kana kwamba ingeondoka kesho. Wenyeji, ambao kwa lugha yao *nzururu* ni theluji na ambao nchi yao imeitwa kwa jina hilo, waliiona ikipungua kidogo kidogo, na kupungua kidogo kidogo ni namna mojawapo ya kujificha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huugua ugonjwa wa kuzoea.

Mama naye amepungua kidogo kidogo. Mabega yake yalikuwa hapa, sasa yako pale. Hakuna siku hata moja ambayo yeyote kati yetu aliona yakishuka. Tumekula kwa mkono wake zaidi ya miaka arobaini, na kama polisi wangetuuliza kovu lake liko mkono gani, tungejibu kwa kukisia. Hatukumpuuza, tulimzoea tu. Lakini mazoea ni kijana mvivu tuliyemtuma atutazamie wazazi, na kila tukimwuliza hali yao anajibu: wako vilevile.

Ndiyo maana sikubali kwamba wa karibu ndiye rahisi kuchorwa. Usoni pa mgeni kila kitu ni kipya na jicho linafanya kazi lenyewe. Usoni pa mama jicho limekwisha kupewa majibu. Lugha yetu inaita uso *sura*, neno hilohilo la mlango wa kitabu, na tatizo la sura ya mama ni kwamba tulikoma kuisoma tukiwa wadogo, tukadhani kitabu kimeisha.

Yuko Mfaransa mmoja aliyekataa kukoma. Édouard Vuillard aliishi na mama yake, fundi wa kushona nguo, hadi mama alipofariki mwaka 1928, naye Vuillard akiwa na umri wa miaka sitini. Alimchora mamia ya mara: akishona, akila, akipanga kitu mezani, akichungulia dirishani. Katika baadhi ya picha hizo mwanamke anakaribia kumezwa na maua ya karatasi za ukutani, unapaswa kumtafuta. Naona humo ukweli wa nyumbani ambao picha ya studio haiwezi kuusema, kwamba mtu aliyekaa ndani ya nyumba miaka mingi huanza kufanana na nyumba, na upendo ni kazi ya kumtoa tena humo, leo, na kesho tena.

Kwa Wakonzo kazi hiyo ina ugumu wa ziada, na ugumu huo umo katika majina yetu. Binti wa kwanza ni Masika. Wa pili ni Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Wavulana ni Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu Wanande, utaratibu ni huohuo. Jina la Mkonzo halikuambii yeye ni nani. Linakuambia aliingia mlangoni akiwa wa ngapi. Siku ya gulio la Mpondwe ukiita "Masika!" kati ya magunia ya kahawa na marobota ya vitenge, wanawake wengi watageuka. Mama yangu alizaliwa binti wa pili, kwa hiyo msomaji amekwisha kulijua jina lake.

Sisemi hivi kwa kulaumu. Naupenda utaratibu huo. Unampa kila mtoto kiti kabla hajalia mara ya pili. Hauruhusu mtu azaliwe bila kuwa na waliomtangulia. Lakini kiti si mwenye kukikalia. Jina langu linanifungamanisha na kila aliyeingia katika nafasi kama yangu, na kwa hiyo linahitaji mwenzake, kitu kitakachosema: ni huyu, hakuna mwingine. Kwa watu wenye majina ya namna yetu, nadhani sura inabeba mzigo ambao kwingine hubebwa na jina. Hapo thamani ya picha ya mdogo wangu ikaanza kunijia. Aliikuta nafasi ya binti wa pili, akajaribu kumwonyesha aliyeikalia.

Lakini bado swali la mama halijajibiwa. Nia njema haimwondolei mchoraji deni. Na ukaribu wenyewe si jambo jema moja kwa moja. Bwera inajua hivyo.

Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikaingia kwetu. Mtoto wa miaka 5 aliyekuja na jamaa zake baada ya msiba wa babu yake alithibitishwa kuwa nayo, akafia katika kituo cha matibabu cha Bwera. Bibi yake akamfuata. Ugonjwa ule huchagua wanaohudumia: anayepangusa jasho, anayebeba, anayeosha maiti. Hupita katika njia zilezile ambazo upendo umezichonga. Wiki zile tulifundishwa kusalimiana bila kupeana mikono, na mama alinipokea uani akiwa amesimama hatua nne mbali, mikono ameishika nyuma yake kama mtu anayemzuia mtoto asikimbie. Hatukugusana. Alinitazama kuanzia utosini hadi viatuni, polepole, akaridhika kwamba nimefika mzima. Mikono ilipokatazwa, macho yalichukua kazi yake.

Wakati Ebola ilipokuwa Liberia, mwaka 2015, msanii Mary Beth Heffernan kutoka Los Angeles alikwenda Monrovia akiwa na wazo rahisi. Wahudumu waliovaa mavazi ya kujikinga walikuwa hawana nyuso. Mgonjwa alilala akizungukwa na miwani na mpira. Heffernan akawapiga picha wakitabasamu, akazichapa, nao wakazibandika vifuani juu ya mavazi yale. Mgonjwa akapata kujua nani anayemgeuza kitandani. Mfano huu naupenda kwa sababu unageuza mwelekeo tuliouzoea. Hapo picha haikutengenezwa ili mwenye nguvu amtazame mnyonge. Ilitengenezwa ili aliyelala, asiyeweza hata kuinuka, apate kumwona anayemwona.

Nikakumbuka *kuonana*. Nikajiuliza: katika picha ya mdogo wangu, mama ana macho? Ameinamia mihogo, kope zimeshuka. Tunamtazama, naye hatutazami. Macho hayana pazia, walisema wazee, na kwa kawaida tunalitumia neno hilo kumsamehe anayetazama. Anayetazamwa yeye pazia lake lilikuwa lile gomesi ambalo hakupewa nafasi ya kulivaa.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, na halikutoka kwangu.

Tulikuwa wote watatu Bwera. Picha ilikuwa bado imeegemezwa palepale, uso umeelekezwa ukutani kwa adabu, kama mgeni ambaye wenyeji hawajaamua wamlaze wapi. Mama akaigeuza mwenyewe. Akaikaribia kuliko siku ile ya kwanza. Akaweka kidole karibu na rangi bila kuigusa.

"Aliyechora hapa amewahi kumenya muhogo?"

"Nimewahi, mama," mdogo wangu akajibu.

"Basi umesahau. Nimeshika kisu kama mtu anayemenya kiazi. Muhogo haumenywi hivyo. Kisu kinapasua ganda kwa urefu, mara moja, kikishamaliza kinapumzika. Kazi iliyobaki ni ya hiki."

Akainua kidole gumba cha mkono wa kulia. Nilikitazama kama mtu anayekiona mara ya kwanza, kwa kuwa kweli nilikuwa nakiona mara ya kwanza. Ukucha ni mpana, umekatwa mfupi. Ubavuni, pale kinapoingia chini ya ganda na kulisukuma, ngozi imekuwa ngumu na inang'aa kidogo, kama mpini wa jembe la zamani. Miaka yote ya ugali wetu, *obundu* wa unga wa muhogo, ilipita juu ya sehemu hiyo ndogo ya mwili wake, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeijua.

Mdogo wangu alikwenda kuleta rangi. Mama akaleta muhogo. Akapasua, akasukuma, ganda likabanduka, jeupe ndani na la waridi ukingoni, likaanguka kwenye karai. Akarudia. Mara nyingine alimsimamisha: "Hapana, sasa umekikunja mno." Mara nyingine yeye ndiye aliyesimama, akaja nyuma ya bega la mwanawe kuangalia kilichofanyika, kisha akarudi kigodani. Jioni ilipoingia mkono mpya ulikuwa umekaa juu ya ule wa kwanza. Ukitazama kwa makini, chini ya rangi bado unauona ule wa zamani ukiwa umeshika kisu vibaya.

Alasiri nzima mama hakutaja kitenge. Mvi hakuzitaja. Na kichwa wazi kilikuwa bado ki wazi.

Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani siku ya kwanza alilalamikia nguo kwa sababu nguo ndilo lalamiko ambalo desturi imempa mtu aliyeonwa vibaya. Ndilo neno lililokuwa karibu na mdomo. Jeraha lenyewe lilikuwa kwenye kidole. Mtu aliyefanya kazi moja kwa mikono yake maisha yote, akaifanya kwa ustadi, ameonyeshwa akiifanya kama asiyeijua, na aliyefanya kosa hilo ni mtu aliyekula matunda ya ustadi huo. Gomesi lingeifunika aibu hiyo, lisingeiondoa.

Kwa hiyo nimefika hapa. Heshima tunayomdai mchoraji kwa ajili ya wapendwa wetu ina njia mbili. Ya kwanza ni kumpamba. Ni njia ya kuta zetu, na sitaibeza kamwe, maana ilijengwa na watu waliokuwa wakijitetea. Ya pili ni kumpatia sawasawa, na hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa mchoraji hawezi kuikamilisha peke yake. Anahitaji maoni ya aliyechorwa. Nalitumia neno hilo kwa uzito wake wote: yale aliyoyaona yeye, kutoka upande wake wa kisu. Mama anaujua mkono wake kwa namna ambayo hakuna jicho la nje litakaloijua. Mwana anaujua mgongo wa mama na mvi za nyuma ya sikio, ambazo mama hawezi kuziona bila vioo viwili. Kila mmoja ana nusu ya picha. Ukaribu, kama neno hilo lina maana, ni kukubali kwamba nusu yako ni nusu.

Tunapenda kudhani kwamba kumpenda mtu ni kumjua. Kidole gumba kilinifundisha kwamba tunaweza kumpenda mtu maisha yote na tukawa tumekosea kuhusu jambo ambalo analifanya kila siku mbele ya macho yetu. Hilo halifuti upendo. Linauliza tu kama upendo huo bado unaweza kusahihishwa. Mchoraji aliyekasirika mama alipogusia mkono angebaki na picha yake nzuri, na picha hiyo ingekuwa ya kumwonea. Mdogo wangu alikwenda kuleta rangi. Picha ikawa mahali walipoonana, yeye ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mama kwenye kigoda, na kati yao rundo la mihogo likipungua.

Tulipomaliza tulitaka kuitundika sebuleni, kati ya joho la dada yetu na harusi yangu. Tulifikiri tunampa cheo. Mama akatikisa kichwa.

"Huyu ana kazi," alisema. "Mpelekeni jikoni."

Iko huko, juu ya mlango, ndani. Tulimwambia moshi utaiharibu. Akasema hata yeye moshi umemkuta humo. Baada ya wiki mbili tatu plaiwudi huanza kuwa nyeusi, sura ikaanza kurudi ukutani ilikotoka. Kila ninapofika Bwera namkuta amekwisha kuipangusa, au ananingoja nimshushie. Hulowesha ncha ya kitenge, akaizungusha juu ya kidole gumba, akaanzia mkononi.